KUFUNGUA MWENDO WA MOTOKAA: NI KITU GANI KINACHOFUNGULIWA?

Kila tunapokaribia kufunga shule, mabishano huzuka bwenini juu ya mabasi. Mmoja husema basi fulani "limefunguliwa", kwa hiyo litamfikisha kwao kabla ya magharibi. Mwingine hukana, akisema hakuna fundi awezaye kushinda kiwanda. Mhariri ameniomba nieleze jambo hili kwa njia ya somo. Nimekubali kwa furaha, kwa maana halihitaji elimu zaidi ya Fizikia tunayofundishwa darasani, na sisi sote twapanda mabasi hayo.

Motokaa hufungwaje?

Yafaa kwanza tujue jinsi injini ya petroli ya siku hizi inavyopata mafuta. Hapo zamani kabureta ilitoa mafuta kwa mvuto wa hewa ipitayo. Sasa mafuta hupulizwa na nozeli, na nozeli hufunguka kwa umeme kwa amri ya kompyuta ndogo. Kompyuta hiyo huletewa habari na sensa mbalimbali: injini yazunguka mara ngapi, hewa kiasi gani inaingia, maji yana joto gani, na gari laenda kwa mwendo gani. Nozeli isipopewa amri haifunguki, na injini isiyopata mafuta haina nguvu.

Basi kuzuia mwendo hakuhitaji mnyororo wala kufuli. Huhitaji tarakimu moja tu iliyoandikwa katika kumbukumbu ya kompyuta. Mwendo ukifikia tarakimu hiyo, mafuta hukatwa. Ukishuka kidogo, hurudishwa. Ndiyo sababu gari lililofika mpaka wake husitasita kama punda anayevutwa hatamu, hata dereva akikanyaga mafuta mpaka mwisho.

Tuchukue mfano wa Japani, kwa kuwa motokaa nyingi tuzionazo barabarani zilitumika huko kwanza. Viwanda vya Japani vilikubaliana vyenyewe kwamba motokaa za kawaida zisipite kilomita 180 kwa saa, na zile ndogo sana zisipite 140. Katika magari mengi ya Kijapani ya miaka ya 1990, sensa ya mwendo huzunguka mara 637 katika kila kilomita, na kila mzunguko hutoa mapigo 4 ya umeme. Hayo ni mapigo 2,548 kwa kilomita. Gari likienda kilomita 180 kwa saa, yaani kilomita 3 kwa dakika, mapigo ni 7,644 kwa dakika, au kama 127 kwa sekunde. Kompyuta haioni barabara wala haisikii upepo. Huhesabu mapigo tu. Yakizidi hapo, hukata mafuta.

Mikato mitatu

Watu wengi huchanganya mikato ya mafuta, hali iko zaidi ya mmoja.

Wa kwanza ni huo wa mwendo wa gari. Wa pili ni wa mizunguko ya injini. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, krenki huzunguka mara 100 kwa sekunde, na kila pistoni hupanda na kushuka mara 100 katika sekunde hiyo moja. Kila ikifika juu au chini sharti isimame, kisha igeuke. Nguvu inayovuta chuma wakati huo hukua kwa kipeo cha pili cha mizunguko. Ukitoka 6,000 kwenda 7,200 umeongeza mara 1.2, lakini nguvu imeongezeka mara 1.44. Tena springi za valvu huweza kushindwa kufunga kwa wakati, na valvu ikagongana na pistoni. Wa tatu ni wa injini zenye turbo: hewa ikisukumwa kupita kiasi, mafuta hukatwa ili injini isije ikaunguza pistoni zake.

Mkato wa pili na wa tatu hulinda injini. Mkato wa kwanza hulinda zaidi matairi na watu.

Fundi hufungua nini?

Sasa tuje kwenye swali la bwenini. Ni kweli kwamba mpaka wa mwendo waweza kuondolewa, na njia zake kwa jumla ni mbili. Moja ni kuidanganya kompyuta: kifaa kidogo huwekwa kati ya sensa na kompyuta ili kupunguza mapigo, hata gari likienda 200 kompyuta iambiwe 170. Ya pili ni kuifuta tarakimu yenyewe na kuandika nyingine. Wako pia wanaokata waya wa sensa tu. Hao hujikuta mshale wa mwendo umekufa, taa ya injini inawaka, na gia za gari la automatiki zimevurugika, kwa sababu habari ileile hutumiwa na sehemu nyingine za gari.

Jambo hili si baya kila mahali. Katika viwanja vya mashindano, ambako hakuna mtembea kwa miguu wala gari linalokuja mbele, mwendo hufunguliwa kwa ruhusa. Nissan GT-R ya mwaka 2007, iliyouzwa Japani, ilitengenezwa hivi kwamba mpaka wa kilomita 180 huweza kuondolewa pale tu setilaiti zinapothibitisha kwamba gari limo ndani ya uwanja wa mashindano unaotambuliwa. Waliotengeneza mpaka huo walijua kwamba swali si "gari laweza?" bali "gari liko wapi?"

Likizo iliyopita nilikuwa nikimsaidia mjomba wangu, ambaye ni fundi. Alikuja bwana mmoja na gari lake la familia, akataka lifunguliwe. Mjomba hakubishana naye. Aliinama, akaniambia, "Msomee Bwana maandishi ya tairi." Nikasoma 195/65R15 91S. Mjomba akamweleza kwamba ile herufi S ya mwisho ni mpaka wa mwendo wa tairi: S ni kilomita 180 kwa saa, T ni 190, H ni 210. Tena vipimo hivyo ni vya tairi zima lenye upepo sawasawa na mzigo usiozidi. Kisha akamwambia, "Ndugu yangu, kompyuta naweza kuibadilisha tarakimu. Tairi siwezi kulibadilisha herufi." Bwana yule akacheka, akaomba abadilishiwe oili tu.

Maneno hayo ndiyo kiini cha somo hili. Afunguaye mwendo hufungua kitu kimoja tu. Matairi, breki, macho ya dereva na upana wa barabara hubaki vilevile.

Tuje kwenye mabasi

Basi la abiria halikaribii kilomita 180. Hapa kwetu Tanzania sheria huweka mwendo wa mabasi na magari mazito kuwa kilomita 80 kwa saa, na 50 penye makazi ya watu. Kenya, kwa kanuni za mwaka 2003 zilizoanza kutumika Februari 2004, wakati Bwana John Michuki alipokuwa Waziri wa Uchukuzi, iliamuru magari ya abiria yawe na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 pamoja na mikanda. Ulaya pia malori makubwa hufungwa kilomita 90 na mabasi kilomita 100. Kwetu mabasi ya masafa huwekewa kifaa kinachopeleka habari za mwendo wake kwa LATRA. Wako wanaokichezea kifaa hicho, kama vile wengine wanavyochezea kidhibiti.

Wenye kufungua husema, "Tofauti ya 80 na 100 ni 20 tu." Tuitazame 20 hiyo kwa hesabu.

Tuseme mabasi mawili yanafuatana kila moja kwa zamu yake, na mbele yao ng'ombe wamekatiza barabara. Madereva wote wawili huchukua sekunde 1.5 tangu kuona hadi kukanyaga breki, na breki zao hupunguza mwendo kwa mita 5 kwa sekunde katika kila sekunde.

Basi la kilomita 80 huenda mita 22.2 kwa sekunde. Kabla ya breki kushika limekwenda mita 33. Breki huchukua mita 49 na kitu. Jumla ni kama mita 83, nalo limesimama.

Basi la kilomita 100 huenda mita 27.8 kwa sekunde. Kabla ya breki limekwenda mita 42. Breki huchukua mita 77. Jumla ni mita 119.

Msomaji atasema tofauti ni mita 36 tu. Lakini swali la maana ni hili: pale kwenye mita ya 83, mahali ambapo basi la kwanza limesimama kimya, hili la pili laenda kwa mwendo gani? Tumia kanuni ya v² = u² − 2as. Basi hilo limekwisha kufunga breki kwa mita 41 tu, kwa hiyo v² ni 772 − 410, yaani 362 hivi, na v ni mita 19 kwa sekunde. Hizo ni kilomita 68 kwa saa! Dereva wa kwanza atashuka afukuze ng'ombe. Wa pili atawagonga kwa mwendo wa kilomita 68, na nyuma yake wameketi watu sitini.

Sitaki kuficha faida iliyopo. Katika kila kilomita 100 za barabara tupu, aendaye 100 humtangulia aendaye 80 kwa dakika 15. Hiyo ndiyo bei yake, na kila abiria aipime mwenyewe. Wahenga walisema ajali haina kinga. Ni kweli kwa ng'ombe kukatiza barabara, maana hakuna ajuaye saa wala mahali. Si kweli kwa zile kilomita 68, kwa maana kinga yake ilikuwemo ndani ya basi, na mtu aliiondoa kwa mkono wake.

Tena tusimlaumu dereva peke yake. Ni sisi tunaomshangilia anapopita wenzake, na ni sisi tunaoulizana stendi ni basi gani "limefunguliwa" ili tukate tikiti humo. Wazazi nao, mtoto akichelewa kwa saa moja, wasimwulize kwa nini hakupanda lililo jepesi. Tajiri wa basi hufungua kile ambacho abiria hukinunua. Siku tutakapoulizana ni basi gani halijafunguliwa, atalisikia.

Maswali ya kujipima

1. Basi lenye uzito wa kilo 15,000 lina nishati-mwendo kiasi gani likienda kilomita 80 kwa saa? Na likienda 100? Ya pili ni mara ngapi ya ya kwanza?

2. Fanya tena hesabu ya mabasi mawili, ukichukulia mvua imenyesha na breki hupunguza mita 3 tu kwa sekunde katika kila sekunde. Basi la pili lina mwendo gani pale la kwanza liliposimama?

3. Siku ya kufunga shule, kabla ya kupanda, soma herufi ya mwisho kwenye tairi la gari utakalosafiria. Iandike, nawe utuletee muhula ujao.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne