Tunakwenda Kuona Nini?



Likizo ya shule ya mwezi wa Juni ikikaribia, watoto huanza kuuliza, "Mwaka huu tutakwenda wapi?" na akina mama huanza kuhesabu sufuria. Ni desturi njema ya mtaa huu kwamba mara moja kwa mwaka jamaa zetu, majirani na marafiki hupanda gari moja na kwenda kutazama mahali ambapo hatujapaona, au tulipopaona zamani tukapasahau. Somo letu la mwezi huu lahusu matembezi hayo. Msishangae. Maandiko yenyewe yana habari ya safari ya namna hiyo, nasi mwaka jana tulifundishwa habari ile kwa namna ambayo hatukuitazamia.

Fungueni Luka 2, kuanzia mstari wa 41. Yusufu na Mariamu walikuwa na desturi ya kwenda Yerusalemu kila mwaka kwa sikukuu ya Pasaka. Yesu alipokuwa na umri wa miaka kumi na miwili walikwenda naye. Kutoka Nazareti hadi Yerusalemu ni mwendo wa siku kadhaa kwa miguu, na watu hawakuutembea peke yao. Walikwenda makundi, ndugu na ndugu, jirani na jirani, kama sisi tunavyokodi basi. Sikukuu ikaisha, kundi likaanza kurudi. Mtoto akabaki mjini, na wazazi wake wasijue. Walikwenda mwendo wa siku nzima wakidhani yumo katika kundi, ndipo wakaanza kumtafuta kwa jamaa na wenzao.

Wahubiri wengi hukimbilia hekaluni, kwenye maswali na majibu ya waalimu. Sisi twapenda kusimama kidogo kwenye ile siku nzima ya mwendo. Je, Mariamu alikuwa mama mzembe? Hata kidogo. Mwanawe alikuwa miongoni mwa watu anaowafahamu, na kila mtu katika kundi lile angempa mtoto yule maji na mkate. Ndiyo maana hakuna aliyegeuka kumtazama. Mtoto akiwa mikononi mwa watu wote, ni rahisi sana asiwe mkononi mwa mtu yeyote. Mama aliye peke yake njiani humshika mtoto wake mkono. Mama aliye na wenzake arobaini humwachilia.

Sasa tuwaeleze ya kwetu, ingawa baadhi yetu katika kamati tungependa yasiandikwe.

Mwezi wa Juni mwaka jana tulikwenda Unguja, watu arobaini na sita, wazee, vijana na watoto. Tulikuwa tumeweka akiba kidogo kidogo tangu Januari, ili mwenye kipato kidogo asiachwe. Bahari ya mwezi huo haina huruma, kwa maana kusi huvuma, na muda wa saa mbili hivi za boti kutoka Dar es Salaam baadhi yetu tuliuona kama siku mbili. (Atakayekwenda tena ale chakula kidogo asubuhi, akae katikati ya boti wala si mbele, na asimcheke mwenzake anayetapika, maana zamu yake yaja.)

Kamati ilikuwa imepanga siku vizuri, au ndivyo tulivyodhani. Dakika arobaini na tano za kanisa kuu la Mkunazini. Kisha Ngome Kongwe na Forodhani, chakula, halafu soko la Darajani kwa muda wote uliobaki, na saa tisa na nusu watu wote wawe bandarini.

Wengi wenu mwaijua Mkunazini kwa jina tu. Pale ndipo lilipokuwa soko la watumwa la Unguja, mpaka Sultani Barghash alipotia sahihi mkataba wa kulifunga, tarehe 5 Juni 1873. Mwaka uleule jiwe la msingi la kanisa likawekwa juu ya kiwanja kile. Askofu Edward Steere, yuleyule aliyefanya kazi kubwa ya kutafsiri Maandiko kwa Kiswahili cha Unguja, ndiye aliyesimamia ujenzi. Paa lake la mviringo limejengwa kwa saruji na mawe ya matumbawe yaliyopondwa, bila nguzo katikati ya kuliinua, na linasimama hadi leo. Mapokeo yasema ya kuwa altare iko mahali palipokuwa na mti wa kuchapia watumwa. Upo pia msalaba uliochongwa kutoka katika mti ule wa kijiji cha Chitambo, huko Zambia ya leo, ambao chini yake ulizikwa moyo wa David Livingstone mwaka 1873. Na upande wa nyuma, penye kubatizia, zipo nguzo zilizosimamishwa juu chini. Husimuliwa kwamba mafundi walizisimamisha hivyo siku ambazo Askofu hakuwapo. Watoto wetu walifurahi sana kwa nguzo zile. Kosa la mtu mzima lililojengwa kwa jiwe na kuachwa lionekane, hilo ni jambo la kumfurahisha mtoto yeyote.

Nje ya kanisa kuna shimo lililojengewa, na ndani yake sanamu tano za watumwa wamesimama, shingoni wamefungwa mnyororo. Ni kazi ya msanii wa Sweden, Clara Sörnäs, iliyowekwa pale katika miaka ya 1990. Twaona haya kuyasema haya, lakini tutayasema. Baadhi yetu walisimama mbele ya shimo lile wakapigana picha kwa simu, wakicheka, mmoja akajitia mkono shingoni kama aliyefungwa. Hawakuwa na nia mbaya. Walikuwa wamechangamka kwa safari, na hakuna aliyewaambia kabla kwamba wanakwenda kuona nini. Kosa hilo twalihesabu kuwa la kamati, si lao.

Basi dakika arobaini na tano zikaisha. Kiongozi wetu akapiga makofi, tukatoka.

Saa tisa na nusu bandarini tulihesabu watu arobaini na wanne. Tukahesabu tena. Waliokosekana ni bibi mmoja wa Umoja wa Mama, mwenye umri wa miaka sabini na minane, na mtoto wa kiume wa miaka tisa ambaye hata si mjukuu wake. Akina mama walidhani bibi yuko na vijana, kwa kuwa ndio waliombebea mkoba. Vijana walidhani yuko na akina mama Darajani. Mama wa mtoto alidhani mwanawe yuko na watoto wenzake Forodhani, na baba yake alidhani yuko na mama yake. Kila mmoja alikuwa na jibu, na kila jibu lilikuwa na mtu mwingine ndani yake. Walipoonekana mara ya mwisho? Hakuna aliyekumbuka. Kumbe tulikuwa tumekula, tumezunguka, tumenunua karafuu na kanga, kwa muda wa saa tano, na watu wawili hawapo.

Hatuwezi kueleza vema jinsi mama yule alivyokuwa saa ile. Bahari iko mbele yako, mji wenye vichochoro visivyohesabika uko nyuma yako, na boti inapiga honi. Tuligawana. Wengine wakaenda Darajani, wakauliza kwa wauza samaki na wauza urojo. Wengine Ngome Kongwe, wengine ufukweni (na huko walitazama maji kuliko walivyotazama watu), wawili wakaenda polisi. Boti ikaondoka na wenzetu thelathini na wanane, pamoja na watoto wote. Sisi sita tukabaki.

Kijana mmoja ndiye aliyesema, karibu saa kumi na moja, "Je, tumetazama kanisani?" Hatukuwa tumetazama. Tulikuwa tumekwisha ondoka kule, basi tukafikiri kila mtu amekwisha ondoka.

Walikuwa wameketi kwenye benchi la nyuma, karibu na zile nguzo, bibi akiwa amevua viatu. Mtoto alikuwa anakula andazi. Kijana akamwambia, "Shikamoo, Bibi. Tumekutafuta mji mzima!" Naye akamjibu, "Marahaba, mjukuu wangu. Mngeniuliza asubuhi ninakwenda wapi, msingenitafuta."

Ikatubidi tuulize, ingawa tumechelewa. Bibi huyu ni mtu wa Masasi. Mwaka 1876 Askofu Steere alichukua kikundi cha watu waliokombolewa utumwani, akavuka nao hadi Lindi, wakatembea kwa miguu kwenda bara wakitafuta nchi za kwao karibu na ziwa Nyasa. Walipofika Masasi wakaona pazuri, wakajenga. Katika nyumba ya bibi huyu husimuliwa, tangu alipokuwa mdogo, kwamba nyanya wa baba yake alikuwa miongoni mwa watu wale. Alikuwa ameweka akiba kwa safari hii kabla kamati haijatangaza akiba. Alitaka kuliona kaburi la Askofu yule, aliyefariki mwaka 1882 akazikwa nyuma ya altare. Sisi hatukufika nyuma ya altare. Hatukuwa na dakika. Alipomwomba kijana wetu mmoja amngoje kidogo, kijana alimjibu, "Twende Bibi, tutachelewa sokoni." Basi akaketi, akangoja tutoke, kisha akamwomba mlinzi wa kanisa ampeleke. Mtoto alibaki kwa sababu alitaka kujua kwa nini nguzo haziangushwi zikasimamishwa upya, na bibi peke yake ndiye aliyekuwa na nafasi ya kumjibu. Muda wote ule alikuwa anamsimulia habari za Masasi, na mtoto anazijua hata sasa, kuliko wengi wetu.

Jambo moja zaidi lazima tuliungame. Kabla ya safari, katika kikao, lilikuwa limetolewa shauri kwamba wazee wasiotembea haraka wabaki nyumbani, wasiwacheleweshe wengine. Shauri lilikosa kupita kwa kura mbili tu.

Rudini sasa kwenye Luka. Wazazi walimtafuta mtoto kwa jamaa, wakamtafuta mjini, na siku ya tatu ndipo walipomkuta hekaluni, naye akawauliza kwa nini walikuwa wakimtafuta, hawakujua imempasa awe wapi? Tulikuwa tukilisoma swali lile kama jibu la mtoto mwenye ujuzi mkubwa. Baada ya Mkunazini twalisikia kwa sauti nyingine. Mtu hupotea katika kundi kwa sababu wenzake hawajui alichokuja kutafuta. Tungalikijua, tungalikwenda moja kwa moja.

Kwa hiyo mwaka huu tumebadili mambo kadhaa. Tutakwenda Bagamoyo, kama kilomita 70 kaskazini mwa Dar es Salaam, na tutakwenda kwa basi, wala hakuna kusi ya kuogopa. Tutaona mahali pawili tu kwa utulivu. Asubuhi ni misheni ya Wakatoliki, iliyoanzishwa mwaka 1868, ambako mwili wa Livingstone ulilazwa mwezi wa Februari 1874, baada ya Susi, Chuma na wenzao kuuchukua kutoka Chitambo kwa muda wa miezi kama tisa. Mchana ni magofu ya Kaole, kilomita 5 hivi kusini ya mji, penye msikiti wa kale na makaburi ya mawe. Jumapili moja kabla ya safari, baada ya Misa, mzee wa kanisa atatueleza habari za mahali pote pawili, na vijana wenye simu watakuwapo bila udhuru.

Kila mtoto atakuwa na mtu mzima mmoja, jina kwa jina, na si "akina mama" au "vijana". Kila mzee vilevile. Mtu huyo hatakabidhi zamu yake bila kusema kwa sauti na kujibiwa kwa sauti. Tutahesabu watu kila tunapoondoka mahali, kabla ya gari kuwashwa, na mwenye mwendo mdogo kuliko wote atatangulia mbele, ili wengine wajipime kwake. Kuhusu chakula: mwaka jana akina mama waliamka saa nane za usiku kupika pilau, wakasinzia Mkunazini. Safari hii ni mihogo, mayai ya kuchemsha na maandazi, na wanaume ndio watakaobeba na kugawa. Waliolalamika wamesikilizwa, na uamuzi haukubadilika.

Daftari la majina liko kwa katibu wa mtaa. Mbele ya kila jina tumeweka nafasi ya jibu la swali moja: Unakwenda kuona nini? Msiandike "kila kitu", maana tumekwisha wakatalia watu watatu. Mtoto wetu wa nguzo ameandika kwamba anataka kuuona ule mbuyu wa misheni uliomeza mnyororo. Baba mmoja ameandika kaburi, bila kusema la nani, na hatukumwuliza. Bibi alikuwa wa kwanza kuandikishwa. Katibu alimsomea swali, akafikiri kidogo, akasema aandikiwe hivi: "Bahari, nikiwa nimeketi, na mtu mmoja wa kuzungumza naye."