Bunduki ya Mitutu Iliyopandana

SWALI: Nawinda kanga na kwale kwa leseni, nami nataka bunduki ya marisau yenye mitutu miwili iliyopandana, itakayodumu hata mwanangu airithi. Nitazame nini?

JIBU: Ndugu msomaji, uimara wa silaha ya namna hii haumo katika nakshi za ubavuni, bali katika bawaba na komeo, kwani hapo ndipo kila mshindo unapopiga. John Browning, ambaye bunduki yake ya Superposed ilianza kuuzwa mwaka 1931 yeye akiwa amekwisha kufariki, aliilaza mitutu juu ya pini moja nene ipitayo upana wote, na komeo akaliweka chini; ama Beretta wa Italia, wao huiegemeza juu ya vijipini viwili vya ubavuni, vinavyoweza kubadilishwa vikilika, na kwa sababu hiyo mwili wa bunduki huwa mfupi wa kimo. Njia zote mbili ni madhubuti.

Ukinunua iliyokwisha tumika, sharti kwanza uhakikishe kuwa ni tupu, kisha uvue ubao wa mbele, uifunge, ushike kitako na kuitikisa taratibu: ikicheza, bawaba imelika. Tazama pia wenzo wa kufungulia: ukisimama kulia kidogo, komeo bado ni zima, ukivuka katikati kuelekea kushoto, tahadhari.

Geji 12 yatosha, kwa kuwa risasi zake aghalabu hupatikana kwa wepesi. Wala usiache kuifuta na kuipaka mafuta kila urudipo mawindoni, maana jasho la mkono huleta kutu upesi mno.