Uongo wa Mgonjwa na Uongo Wangu

Andiko Kuu: Waefeso 4:25



Mdogo wangu alidanganya tangu ujana. Leo yeye ni mwanajeshi, kesho amenunua trekta Garsen, kesho kutwa ametangaza nimekufa, watu wa Chara wanakuja kunililia nami niko shambani. Hakupata hata shilingi. Nilimpiga, nikamkemea, nikakemea na pepo.

Hatimaye tulimpeleka hospitali. Daktari akauliza: anakunywa pombe? Amewahi kutaka kujiua? Akajibu hapana. Nami, mzee wa kanisa, nikasema hapana, ilhali nilijua yote mawili ni kweli. Niliona aibu. Akatibiwa kwa kufuata maneno yetu. Wiki mbili baadaye alijitosa mtoni. Wavuvi wakamtoa akiwa hai, ni neema tu.

Tujifunze mambo matatu.

1. Uongo hauna chanzo kimoja. Daudi alijifanya mwendawazimu mbele ya Akishi (1 Samweli 21) ili aokoe maisha yake. Lakini wako wanaodanganya mno bila faida yoyote. Daktari Anton Delbrück aliandika habari zao mwaka 1891. Wengine wamenywa pombe miaka mingi, mwili ukakosa vitamini B1, ubongo ukaharibika. Kumbukumbu zikipotea, wao hujaza pengo kwa hadithi, nao wenyewe wanaziamini. Huyo hakukusudia kudanganya.

2. Daktari anahitaji shahidi. Malaria hupimwa kwa damu. Ugonjwa wa akili, sehemu kubwa daktari hutegemea maneno. Maneno ya mgonjwa yasipoaminika, shahidi ni sisi tunaolala naye nyumba moja. Tukificha, tumemfunga daktari macho.

3. Usimwaibishe, wala usimkubalie. Mwambie kwa upole, "Ndugu yangu, hilo mimi sikuliona." Mwombee, na dawa aendelee kumeza. Akitaja kufa, usiseme ni uongo wake wa kila siku. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Tuliporudi hospitali nilisema yote mbele yake. Aliniangalia, akalia. Bado hudanganya, lakini siku hizi anatibiwa ugonjwa alio nao.

Paulo anatuagiza tuvue uongo. Miaka yote nilimsomea mdogo wangu andiko hilo. Kumbe lilikuwa langu.

Swali la ushirika wa nyumbani: Daktari akikuuliza leo habari za mgonjwa wako, ni jambo gani ungelificha, na kwa nini?