SOMO LA TAWI: BOMU LA ATOMIKI LAWEZA KUVUNJWA



Mchuma chai mmoja aliniuliza mkutanoni: mabomu ya atomiki yakishatengenezwa, yaweza kweli kuondolewa, au ni maneno ya wakubwa tu? Mimi nimeishia darasa la saba, lakini jibu lipo hapa hapa Afrika.

Makaburu wa Afrika Kusini walitengeneza kwa siri mabomu sita, na la saba halikukamilika. Mwaka 1990 serikali ya de Klerk iliamua kuyavunja. Si kwa huruma: vikwazo viliwabana, Namibia ilikuwa inapata uhuru, na utawala wa wengi ulikuwa mlangoni.

Kwanza walifunga kiwanda cha kurutubisha urani. Kisha kila bomu likafunguliwa, urani yake, kiasi cha kilo 55, ikayeyushwa na kurudishwa Pelindaba. Julai 1991 wakajiunga na Mkataba wa Kuzuia Kuenea kwa Silaha za Nyuklia. Lakini habari za mabomu wakazificha mpaka Machi 1993, na michoro walikuwa wamekwisha kuiharibu. Sasa nani angewaamini?

Ninyi mnajua. Karani wa mizani akitaja kilo, mchumaji mwenye akili hutazama mshale mwenyewe. Wakaguzi wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki walifanya vivyo hivyo. Walichukua daftari za kiwanda tangu miaka ya 1970 wakapiga hesabu: urani iliyotoka ni kiasi gani, iliyopo ghalani ni kiasi gani? Waliruhusiwa kuingia walikotaka na kuwahoji waliofanya kazi humo. Mashimo ya majaribio jangwani Kalahari yakazibwa mbele ya macho yao. Ndipo wakasema hesabu inakubali.

Halafu ikaja sheria. Mkataba wa Pelindaba, unaokataza silaha hizo Afrika nzima, ulitiwa sahihi Cairo mwaka 1996. Ukangoja miaka 13 kupata nchi 28 za kuuridhia. Ya 28 ilikuwa Burundi, nchi ndogo kabisa.

Mwaka 2025 nchi tisa zilikuwa bado na mabomu zaidi ya 12,000. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa kuyapiga marufuku unatumika tangu 2021, lakini hakuna hata moja ya hizo tisa iliyojiunga.

Maswali ya kujadili:
Kwa nini karani asikague mizani yake mwenyewe?
Je, nchi yenu imeuridhia mkataba huu wa Umoja wa Mataifa? Nani katika tawi atamwuliza mbunge, na lini?