Treni ya maboksi: namna ya kuitengeneza, kuipiga picha, na kosa lililonirudishia mzigo

Somo la leo refu kidogo, shikilia chai yako.

Wengi mmeniuliza ile treni ya kwenye kaunta yangu nimeinunua wapi. Sijanunua. Nimeitengeneza mwenyewe hapahapa Mbagala, kwa maboksi ya madaftari ambayo zamani nilikuwa natupa. Mimi nina steshenari ndogo, shule niliishia fomu foo, na haya yote nimejifunza kwa kukosea. Kosa moja lilinipa hasara, nitalieleza chini, usiliruke.

Kwa nini treni? Tangu SGR ianze kubeba abiria Dar hadi Morogoro tarehe 14 Juni 2024, watoto wa mtaani kwetu habari yao ni treni tu. Ilipokuja Mchongoko ndo kabisa. Nikaweka moja kaunta kama pambo. Mtoto anamvuta mama yake mkono aje aone, mama anaondoka na daftari na kalamu. Baadaye wakaanza kuuliza, hii unauza?

Na usidhani ni mambo ya kitoto. Kule Hamburg, Ujerumani, kuna sehemu inaitwa Miniatur Wunderland, ilifunguliwa 2001. Watu wazima wanalipa kiingilio kwenda kuangalia treni ndogo.

1. Anza na kipimo

Hapa ndo wengi tunaharibu. Unatengeneza treni nzuri, halafu mlango wa stesheni ni mdogo kuliko dirisha la behewa. Jicho la mteja linakataa hata kama hajui kwa nini.

Kule Hamburg wanatumia 1 kwa 87. Mimi natumia 1 kwa 50 kwa sababu hesabu yake ni nyepesi: mita 1 ya kweli ni sentimita 2 kwenye ubao. Mtu wa sentimita 170 anakuwa sentimita 3 na nusu hivi. Upana kati ya reli mbili nao una hesabu yake:

- Reli ya kati ya zamani, ile Wajerumani walianza kuijenga hapa Dar 1905 ikafika Kigoma 1914: upana mita 1, kwako sentimita 2.
- TAZARA, iliyojengwa kuanzia 1970: upana milimita 1,067, kwako kama milimita 21.
- SGR: upana milimita 1,435, kwako kama milimita 29.

Kwa hiyo ukichanganya reli ya TAZARA na treni ya SGR, mtu anayejua atakucheka. Chagua moja ushikamane nayo.

Ubao wangu ni sentimita 60 kwa 40. Behewa la kweli lina mita ishirini na kitu, kwa hiyo lingekula karibu ubao wote. Nililifupisha. Unaruhusiwa kufupisha urefu, ila usiguse upana wala kimo.

2. Reli na ardhi

Reli ni vijiti vya mishikaki, unavipaka rangi ya kutu, juu unapitisha msasa kidogo ing'ae. Mataruma ni vijiti vya aiskrimu, unavipasua kwa urefu kisha unavikata. Bandika mataruma kwanza, reli baadaye. Kata kipande cha boksi chenye upana uleule wa reli yako ukitumie kupimia kila hatua, usikadirie kwa macho.

Kokoto ni mchanga, ila sio mchanga wowote. Chembe ya milimita 2 kwenye ubao huu ni sawa na jiwe la sentimita 10. Reli yako itaonekana imemwagiwa mawe ya msingi. Chekecha kwa chujio la chai. Mwaga mkavu, usambaze kwa brashi, halafu dondoshea gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji. Acha ilale mpaka kesho.

Majani ni vumbi la mbao kutoka kwa fundi seremala, limetiwa rangi ya kijani na kidogo ya kahawia. Usiweke kijani kitupu. Dar ya mwezi wa tisa unaijua ilivyo.

3. Majengo na treni

Hii wengi hawaijui. Chukua boksi nene, lowanisha upande mmoja, bandua karatasi ya juu taratibu. Chini yake kuna mistari ya mawimbi. Hilo tayari ni bati. Lipake rangi ya fedha, weka kutu kidogo pembeni, umepata paa la kibanda cha mama ntilie kando ya reli.

Treni yenyewe ni boksi jembamba la karatasi za A4. Kata pande zote kwanza, chora madirisha, paka rangi, ndo ubandike. Ukibandika kwanza, kupaka rangi madirisha ni mateso. Pua ya Mchongoko mimi huichonga kwenye sponji ngumu, kisha naivika karatasi yenye gundi tabaka kwa tabaka. Na kwa kuwa SGR inatumia umeme, usisahau nguzo na nyaya: vijiti vya mishikaki na uzi mweusi.

4. Picha

Simu yangu ni ya kawaida kabisa. Fuata haya:

- Futa kioo cha kamera. Vidole vyetu vina mafuta ya chipsi.
- Shusha simu iwe kimo cha mtu wa kwenye ubao. Ukipiga kutoka juu, kila mtu anaona ni boksi. Mbinu yangu: geuza simu kichwa chini, kamera iguse ubao. Picha utaigeuza baadaye.
- Usiisogelee sana. Kamera ya simu ikikaribia kitu kidogo, mbele panaonekana na nyuma pote ukungu. Rudi nyuma, piga, halafu kata kingo za picha.
- Taa iwe moja. Jua liko moja, kwa hiyo vivuli viende upande mmoja. Ukiwasha taa ya dukani na tochi ya simu pamoja, treni inatoa vivuli viwili na uongo unajulikana.
- Bora zaidi toka nje. Weka ubao juu ya stuli saa 1 hadi saa 3 asubuhi, au kuanzia saa 10 jioni, nyuma yake pawe na mbingu ya kweli.
- Pitisha brashi kavu kabla ya kupiga. Unywele mmoja kwenye picha unakuwa gogo limelala relini.

Nilipofuata haya, nikapata picha moja kali sana. Rafiki yangu aliuliza ilikuwa siku gani nilipoenda stesheni. Nikajisikia fundi. Hapohapo ndo nikakosea.

5. Kosa

Picha ile nikaiweka status ya WhatsApp: "Treni ya SGR inauzwa, 75,000, tunaleta mpaka ulipo." Basi. Dada mmoja wa Tabata akanipigia, mwanawe anatimiza miaka mitano. Akatuma hela yote siku ileile. Nikafunga mzigo, bodaboda 6,000 juu yangu, nikaona leo nimepata.

Jioni simu ikalia.

"Mdogo wangu, hii ndo treni yenyewe?"

"Ndiyo dada, ndo hiyo."

"Mbona ndogo hivi? Na haitembei?"

Nikaanza kujitetea, kwamba mimi sikusema inatembea. Akanyamaza kidogo, akasema, "Hukusema inatembea, lakini hukusema pia kwamba haitembei. Mtoto analia hapa."

Sikuwa na jibu. Kweli sikumdanganya kwa neno hata moja. Picha ndo ilimdanganya, na picha niliipiga mimi, tena nilitumia asubuhi nzima kuhakikisha inadanganya vizuri.

Nilirudisha 75,000 yake. Ilikuwa wiki ya kodi ya fremu, hela ile ilishapangiwa, ikabidi niikope kwa kaka. Bodaboda ya kurudisha 6,000 nyingine. Pua ya treni ilirudi imebonyea. Yule dada mpaka leo anaangalia status zangu kila siku, ila hajanunua hata kalamu.

6. Ninavyofanya sasa

Kila kitu naweka picha mbili. Ya kwanza ni ya kuvutia, ile ya kimo cha chini yenye mbingu. Ya pili ni ya ukweli: napiga kutoka juu, pembeni ya treni nimelaza kalamu ya kawaida. Kalamu kila mtu anaijua ukubwa wake.

Chini naandika: urefu na upana kwa sentimita, imetengenezwa kwa maboksi, haitembei, isilowe maji, ina vipande vidogo, haifai kwa mtoto anayeweka vitu mdomoni. Ndipo bei.

Oda zimepungua kidogo, sikufichi. Wanaouliza ni wachache kuliko zamani. Lakini tangu nianze hivi, hakuna mzigo uliorudi.

Hesabu za mwisho. Vijiti 2,000, gundi 4,000, rangi 9,000, ubao 5,000, uzi, sponji na msasa 2,000. Jumla 22,000. Ukiuza 75,000 inaonekana una faida ya 53,000, lakini kazi ni siku tatu, na siku hizo zina thamani, usizihesabu bure. Mzigo mmoja ukirudi, 12,000 ya bodaboda imekwenda, na mteja pia amekwenda.

Hii sio ya treni peke yake. Unauza hereni, vyungu, sabuni za kipande, mikoba: kama picha haina kitu cha kulinganishia ukubwa, mteja atajikadiria mwenyewe, na siku zote atakadiria kikubwa.

Leo fungua simu yako, angalia picha tano za mwisho ulizoweka. Mteja wa Tabata ataweza kujua ukubwa? Kama hapana, chukua kalamu, piga upya.