Achari ya ndimu: maswali ya wapishi wa nyumbani

Pwani, sinia la biriani likiletwa bila achari, walaji huiulizia. Achari ya ndimu inaweza kukaa miezi mingi bila kuharibika, na vinavyoitunza ni viwili: uchachu wa ndimu yenyewe na chumvi. Majibu yafuatayo yote yanarudi kwenye hayo mawili.

Nichague ndimu za namna gani?

Zilizokomaa, zenye ganda jembamba, zinazoanza kugeuka manjano. Ndimu ngumu ya kijani ina maji machache na ganda lake huchelewa kulainika. Zioshe, kisha zifute moja moja mpaka zikauke kabisa. Maji yanayobaki kwenye ganda hupunguza makali ya chumvi na kukaribisha ukungu.

Chumvi nitie kiasi gani? Nyumbani tuna mgonjwa wa presha.

Kwa kilo 1 ya ndimu, tia gramu 150 hadi 200. Pasua kila ndimu mara nne bila kuitenganisha chini, ijaze chumvi, kisha zishindilie kwenye chupa ya kioo. Chumvi itavuta maji kutoka ndani ya ndimu. Kesho yake, yasipozifunika, kamulia ndimu nyingine juu yake.

Usipunguze chumvi ya chupani kwa ajili ya mgonjwa, punguza anachopakuliwa. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani isizidi kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote. Kwa mwenye presha, achari ni ya kuonja tu, na afuate kwanza ushauri wa daktari wake.

Mbona achari yangu ni chungu?

Uchungu uko kwenye ganda na kokwa. Toa kokwa unapopasua, halafu usiwe na haraka. Ganda likilainika na kugeuka rangi ya kahawia, baada ya wiki kadhaa, uchungu utakuwa umepungua sana. Hapo ndipo utie pilipili ya unga na bizari ya manjano.

Masika jua halitoki. Nifanyeje?

Endelea tu. Joto la jua huharakisha kulainika kwa ganda, lakini kazi ya kuhifadhi inafanywa na chumvi na uchachu. Weka chupa mahali pakavu penye joto jikoni, itikise kila siku, na ungoje zaidi.

Naweza kutia kitunguu saumu na mafuta?

Unaweza, kwa mpangilio. Mafuta huzuia hewa, na wapo bakteria hatari wanaopenda mahali pasipo hewa. Sumu yao haionekani wala hainuki. Hawastawi kwenye uchachu mkali. Kwa hiyo loweka saumu katika maji ya ndimu kwanza, ndipo umimine mafuta. Saumu mbichi iliyokaa kwenye mafuta matupu usiihifadhi kabatini.

Nimeona ukungu juu. Nikwangue?

Hapana, tupa yote. Mizizi ya ukungu hushuka chini kuliko macho yanavyoona, na ukungu wenyewe hula asidi inayolinda achari. Mara nyingi chanzo ni kijiko chenye maji au vipande vilivyoelea juu. Tumia kijiko kikavu, kisha uvisukume vipande chini kila unapochota.

Chombo gani kinafaa?

Kioo au kauri. Alumini huliwa na asidi na chumvi, na mfuniko wa bati hushika kutu. Tandika karatasi ya nailoni kati ya mfuniko na mdomo wa chupa.

Njia hii inafaa kwa matango na karoti?

Haifai, kwa kuwa hazina uchachu wa kwao. Chemsha siki yenye asidi ya asilimia 5 pamoja na maji, nusu kwa nusu, tia chumvi, mimina ikiwa moto juu ya vipande, kisha weka kwenye friji na uvile ndani ya mwezi mmoja. Ukipewa maelekezo mapya ya achari yoyote, uliza kwanza uchachu wake unatoka wapi. Usipopata jibu, usiihifadhi kabatini.