Merikebu Iliyobanwa na Barafu Isivunjike

Katika jaribio la Jiografia la muhula uliopita niliwauliza Kidato cha Tatu: "Kwa nini merikebu ya Fram haikuvunjwa na barafu?" Wengi walijibu kwamba mbao zake zilikuwa nene, nami nikawapa alama mbili, kwani ndivyo nilivyowafundisha. Mmoja aliandika kwamba barafu haikupata mahali pa kuishika. Nikamtia kosa kwa wino mwekundu, na pembeni nikaandika, "Soma tena." Baadaye nilipata nafasi ya kwenda Norway kwa mafunzo ya walimu, na siku moja ya mapumziko nikaenda kuitazama merikebu yenyewe. Hiyo ndiyo sababu ya kuandika makala haya.

Fram imehifadhiwa katika nyumba ya makumbusho huko Bygdøy, katika mji wa Oslo. Nyumba hiyo ilifunguliwa mwaka 1936, nayo imejengwa mfano wa hema: mapaa mawili yameegemeana tangu chini hadi kileleni, na merikebu imo ndani, kavu. Mimi nimekulia pwani, nimewaona mafundi wakiunda majahazi tangu kuweka mkuku na kusimamisha mataruma hadi kutia kalafati. Basi niliposimama chini ya Fram nikaitazama kwa macho ya pwani, na mara ya kwanza nilidhani fundi alikosea. Tumbo lake ni la mviringo kama kifuu cha nazi. Mkuku wake haukutokeza ila kidogo sana. Urefu wake ni kama mita 39 tu, na upana wake ni kama mita 11. Ni chombo kinene na kifupi, tena hakina sura ya mbio hata kidogo.

Kumbe fundi hakukosea. Fundi huyo aliitwa Colin Archer, na merikebu ilishushwa majini huko Larvik mwezi wa Oktoba 1892. Aliyeiagiza ni Bwana Fridtjof Nansen, naye alikuwa na wazo lililowashangaza watu. Mwaka 1881 merikebu ya Wamarekani, Jeannette, ilibanwa na barafu kaskazini ya Siberia ikazama. Miaka mitatu baadaye vitu vyake vilionekana juu ya barafu karibu na pwani ya Greenland, upande wa pili kabisa wa Bahari ya Barafu. Nani alivipeleka huko? Nansen akasema kwamba barafu yenyewe inasafiri. Ikiwa ni hivyo, mtu aingie ndani yake kwa hiari, agandishwe, akae akingojea mpaka barafu impeleke karibu na Ncha ya Kaskazini na kumtoa ng'ambo. Alipoeleza habari hii London mwaka 1892, wazee wengi wa safari za barafu hawakukubali. Mmarekani Adolphus Greely aliuona mpango wenyewe kuwa ni kujiua.

Hapa ndipo umbo la merikebu linapohusika. Ninyi mnaosoma haya, chukueni kokwa ya embe iliyolowa, muibane kwa vidole viwili. Itaponyoka na kuruka juu. Kisha baneni kipande cha chaki kwa nguvu ile ile: kitabaki pale pale, na mkizidi kukibana kitavunjika. Jeannette ilikuwa chaki. Fram iliundwa iwe kokwa, ili barafu ikibana pande zote mbili iteleze chini ya tumbo na kuinyanyua. Usukani na rafadha viliweza kuvutwa juu ndani ya merikebu visikamatwe. Ni kweli kwamba ubavu wake, ukijumlisha mbao zote na mataruma, ni mnene sentimita 70 hadi 80, lakini unene peke yake usingalitosha. Unene uliipa merikebu muda wa kuvumilia, na umbo ndilo lililoiokoa.

Safari ya watu hao 13 ilianza mwezi wa Juni 1893, na mwezi wa Septemba wakagandishwa. Jaribu kubwa lilikuja mwanzo wa Januari 1895. Mabonge ya barafu yalipanda juu ya ubavu wa merikebu kama kilima kinachotembea, yakaelekea kuifunika. Watu walitoa vyakula na kuviweka mbali juu ya barafu, wakakaa tayari kuikimbia merikebu, katika giza la usiku wa miezi. Fikirini hapo: wakikosea hesabu, hakuna bandari wala mtu wa kuwasaidia. Ndipo Fram ikalia, ikang'oka katika kitanda chake, ikainuka.

Umbo hilo lilikuwa na gharama yake, maana katika bahari iliyo wazi Fram iliyumba vibaya mno.

Nansen hakufika Nchani. Alipoona kwamba barafu haitapita hapo, alitoka tarehe 14 Machi 1895 pamoja na Hjalmar Johansen na mbwa wao, wakafika nyuzi 86 na dakika 14, wakageuka. Merikebu ilibaki chini ya Otto Sverdrup. Tarehe 13 Agosti 1896 Fram ilitoka katika barafu, na siku hiyo hiyo Nansen alishuka Vardø, kaskazini ya Norway. Wote 13 walirudi hai. Walileta na elimu: bahari ile, iliyodhaniwa kuwa ya kina kifupi, ilipita mita 3,000, hata kamba ya kupimia ikawapungukia wakafumua waya wa chuma na kusokota nyingine. Tena Nansen aliona kwamba barafu haifuati upepo sawasawa, bali hupinda kuliani. Kwetu, kusini ya Ikweta, maji hupinda kushoto. Hilo tutalisoma muhula ujao.

Baadaye, mwaka 1910, Fram ndiyo iliyompeleka Roald Amundsen kusini, naye akafika Ncha ya Kusini tarehe 14 Desemba 1911.

Mgeni anaruhusiwa kupanda sitahani na kushuka ndani. Vyumba ni vidogo mno, na nilijigonga kichwa mara mbili. Nilisimama kitambo pale walipokula, nikiwaza miaka mitatu ya kutazamana nyuso zile zile kumi na tatu.

Niliporudi nilimwita yule mwanafunzi, nikafuta alama yangu nyekundu katika daftari lake na kumwandikia mbili. Akaniuliza, "Mwalimu, na wale wengine watapunguziwa?" Nikamwambia hapana, maana walijibu nilivyowafundisha mimi.